Kichwa cha Tanga Kinapataje Habari?

Nani amewahi kutunga hadithi ya upepo mdogo? Kwenye hadithi zetu chombo lazima kipigwe na dhoruba, mlingoti ukatike, mtu azame, ndipo msomaji aridhike. Daftari langu mwenyewe limejaa dhoruba ambazo sijawahi kuzipata. Lakini ukiniambia niandike jambo moja la baharini lililonitoa jasho kweli, nitaandika juu ya tanga la upepo mdogo lililokataa kukunjika. Usicheke, ndugu msomaji. Ngoja nikueleze.

Pwani yetu ina majuma ambayo kaskazi imekwisha choka na kusi haijaamua kuja. Wazee wanayaita majira hayo tanga mbili, na upepo wake maleleji: asubuhi unatoka huku, mchana kule, jioni hakuna kitu. Ngalawa haina shida sana, ni nyepesi, upepo ukikata unachukua kafi. Lakini zile boti nyeupe za wasafiri zinazotia nanga Raskazone, hapa Tanga, zina tani saba, tani nane na zaidi. Tanga lao la mbele la kila siku limeshonwa kwa kitambaa kigumu, na kwenye upepo wa noti sita linaning'inia kama shuka lililoanikwa. Hapo mwenye boti ana njia mbili: ama awashe injini aanze kuhesabu lita za dizeli, ama atweke tanga jingine, pana, la nailoni nyepesi kuliko kanga, linaloweza kukamata hata pumzi ya mtu aliyelala. Ndilo hilo wanaloliita genaka.

Kulifungua ni raha tupu. Linajaa pole pole, jekundu na buluu, boti inaamka, maji yanaanza kunong'ona ubavuni. Watu ufukweni wanasimama kutazama. Kulifunga ndiko kwenye mtihani, bwana. Lile nililolijua mimi lilikuwa na mita za mraba karibu 90, na kwenye boti tulikuwa watu watatu, wawili kati yao wazee. Kitambaa kikubwa kama sakafu ya nyumba nzima hukikamati kwa mikono upepo ukishabadilika nia.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Bahari nimeijua kwa babu yangu wa Tongoni, kwenye ngalawa yake, likizo za shule. Shule ilipokwisha na kazi hamna, nikawa deiwaka wa Raskazone: kusugua boti chini, kuchota maji, kulinda usiku. Mwaka 2022 mzee mmoja Mholanzi na mkewe wakanichukua. Boti yao ilikuwa ya futi 38, mlingoti mmoja. Walisema tutakwenda Pemba kujaribu, na nikionekana nafaa, kusi ikianza nitakwenda nao Kilifi hadi Lamu, kwa mshahara, chakula na malazi. Washikaji zangu wa kijiweni hakuna aliyekuwa ameahidiwa kitu kama hicho. Nilikuwa nawaita Mzee na Mama, nao wakaona sawa.

Kabla sijafika Pemba nieleze mtambo wenyewe, maana bila hivyo utaniona nalalamika tu.

Mbele kabisa, kwenye ncha ya mlingoti wa maji, ule ambao watu wa majahazi wanauita dasturi, kuna ngoma ndogo. Imezungushiwa kamba ya duara isiyo na mwanzo wala mwisho, inayorudi mpaka nyuma kwa nahodha. Juu ya ngoma hiyo inapanda kamba nyingine mpaka karibu na ncha ya mlingoti, mita 15 na ushee. Nitaiita kamba ya moyo, sababu tanga lote linajizonga kwenye hiyo. Huko juu kuna pete ya kuzunguka, kama ile ndogo ya mshipi wa kuvulia kolekole, tofauti ni ukubwa tu, na pete imefungwa kwenye henza, kamba ya kutwekea. Ukivuta kamba ya duara, ngoma inazunguka, kamba ya moyo inazunguka, kichwa cha tanga kinaanza kujizonga, halafu mzongo unashuka taratibu mpaka chini. Kona ya chini ya tanga haifungwi kwenye ngoma moja kwa moja. Ina pete yake nyingine ya kuzunguka, ili ngoma izunguke yenyewe na kona itulie kimya ikisubiri zamu yake.

Kwa nini lianze juu? Kwa sababu genaka limetuna kama shavu la mpiga zumari. Ukianza kulizonga chini unaufungia upepo tumboni, na upepo uliofungiwa unatafuta pa kutokea.

Analo ndugu yake, kodi ziro, ambaye ni bapa, ukingo wake wa mbele umenyooka na kamba ya moyo imeshonewa humo humo ndani. Huyo hana makuu, anazongwa kutoka chini, wote kwa pamoja. Na alizaliwa kwa ujanja wa kisheria, jambo lililonifurahisha nilipolisikia. Kwenye mbio za Whitbread za kuzunguka dunia za 1997–98, tanga lilihesabiwa kuwa spinaka ikiwa upana wake wa katikati haupungui asilimia 75 ya upana wa chini. Watu wa boti iitwayo EF Language, nahodha wao Mmarekani Paul Cayard, wakashona tanga bapa linalotimiza kipimo hicho lakini linakwenda karibu na upepo kama tanga la mbele la kawaida. Kwenye shwari wenzao wakabaki wanawatazama matakoni. Wakashinda mbio. Siku hizi hata wastaafu wanaotembea dunia polepole wananunua kodi ziro.

Mzee alikuwa na genaka, siyo kodi ziro. Haya, sasa Pemba.

Kwenda Mkoani tulitumia injini karibu njia nzima, kiasi cha maili 40 za baharini, na Mzee alikuwa akitazama geji ya dizeli kila baada ya nusu saa. Siku ya kurudi, mwisho wa mwezi wa tatu, matlai ilitoka mashariki asubuhi, noti saba hivi, nyuma yetu kidogo upande. Tukatweka genaka. Mkondo wa pale kati ya Pemba na bara unasukuma kaskazini, maji yana kina cha mamia ya mita na rangi yake ni kama wino. Mtu ukiangalia chini unapata kizunguzungu. Tulikwenda vizuri saa nne nzima. Mama akapika chai. Mimi nilikuwa nimekaa mbele naandika kichwani barua ya kuwaringia watu wa Ngamiani.

Saa nane mchana wingu likasimama nyuma yetu, upande wa Pemba, jeusi, na chini yake bahari imebadilika rangi. Kila anayejua masika anajua wingu lile. Mzee akasema tufunge sasa hivi, na alikuwa na haki, muda ulikuwapo.

Akavuta kamba ya duara. Ngoma ikazunguka mara kumi. Kumi na tano. Nikatazama juu: kimya, kichwa cha tanga hakina habari. Halafu ile kona ya chini iliyotakiwa kutulia ikaanza kuzunguka pamoja na ngoma. Chini kukajizonga. Juu nako kukagutuka kwa kuchelewa, kukajizonga mara mbili tatu kwa ghafla, na katikati kukabaki tumbo kubwa limejaa upepo, limebanwa huku na huku kama mto uliofungwa kamba ncha zote mbili. Na henza yenyewe, ambayo haipaswi kugeuka hata kidogo, ilikuwa inajisokota juu ya pete kama kamba ya katani kiwandani.

Upepo ukafika. Noti 20, na unapanda. Boti ikalala, vikombe vya chai vikasambaa, kamba ya duara ikamponyoka Mzee na kumchuna kiganja. Ikawa soo. Tumbo lile lilikuwa linapiga kishindo, na kila kishindo mlingoti wote unatetemeka mpaka kwenye nyayo zako.

Kwenye ngalawa, tanga likikushinda unatua foromali, basi, mchezo umekwisha. Hapa hakuna foromali. Lakini kuna kitu babu alikuwa akinifanyisha tangu nina miaka tisa: ukitaka tanga lilegee, lifiche. Nikamwambia Mama, aliyekuwa kwenye usukani, aupe upepo mgongo kabisa, tanga kubwa likae kati ya upepo na genaka. Akageuza. Kwenye kivuli cha tanga kubwa lile tumbo likasinyaa, likajaa tena, likasinyaa. Mzee akaanza kulegeza henza kwa mkono wake mzima, nami nikalala kifudifudi sitahani nikivuta nailoni na kuisukumia kwenye tundu la mbele, magoti juu ya kila nilichokwisha kipata. Sehemu ilikwenda majini, nikairudisha. Dakika kama 20. Kisha mvua ikamwagika, na baada ya nusu saa bahari ikawa shwari utadhani si yenyewe.

Hakuna aliyesema neno mpaka Tanga. Tulipotia nanga Mzee akasema, kwa upole wake, kwamba tanga lile ataliuza na atakwenda kwa injini. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba boti ya injini haihitaji mtu wa tatu.

Basi hapo ndipo lile tanga likawa langu pia.

Jumapili nikapanda daladala mpaka Tongoni. Babu nikamkuta chini ya mwembe anashona wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umerudi na karafuu, au mikono mitupu?"

Nikamsimulia mambo yote, ngoma, pete, kamba ya duara. Babu hajawahi kupanda boti ya namna ile. Aliendelea kushona, nikadhani hasikilizi. Mwisho akauliza:

"Chini umezungusha, sawa. Sasa huko juu kunapataje habari?"

"Kwa hiyo kamba ya moyo, babu."

"Ya namna gani?"

"Laini. Ukiishika inalala mkononi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mmemtuma mlevi apeleke salamu. Akifika amekwisha sahau alichotumwa."

Nilirudi mjini na sentensi hiyo moja. Muuzaji wa nje aliyemuuzia Mzee mtambo ule alikuwa amemhakikishia kwamba kamba hiyo inafaa kabisa, na Mzee alikuwa ameamini, nani asingeamini? Nikamwomba tuijaribu nchi kavu. Maji yalikuwa yametoka. Tukaifunga ncha moja kwenye mvinje, kwa ile pete ya kuzunguka, nikachomeka kijiti kwenye pete ili tuone itakapogeuka. Ncha ya pili nikaizungusha mimi mwenyewe. Kamba ikiwa imelegea, nilizungusha mara 14 kijiti kimetulia tu, kisha kikaruka mara mbili kwa mpigo. Tukaikaza kwa makapi, kwa nguvu zetu wote wawili, mpaka ikalia. Mara hii mizunguko mitano ndipo kijiti kikasogea. Mama alikuwa ameleta daftari, akaandika 14, akaandika 5, akapiga mstari chini yake.

Ukiziona namba hizo utaelewa kila kitu kilichotupata. Mtu anavuta, ngoma inazunguka, lakini mizunguko yote inamezwa na kamba laini njiani. Ikishamezwa inabaki humo kama spiringi, halafu inafyatuka ghafla. Na kadiri henza inavyolegea ndivyo kamba inavyomeza zaidi.

Kamba haikuwa peke yake. Ile pete ya kona ya chini tulipoifungua ilikuwa haigeuki bila koleo. Chumvi ilikuwa imeganda ndani yake, nyeupe kama chokaa. Ndiyo maana kona ilikokotwa na ngoma badala ya kutulia. Tuliiloweka kwenye maji matamu ya moto usiku kucha, tukaisukutua mara kadhaa, asubuhi ikazunguka kwa kidole kimoja. Nilitaka kuipaka grisi, Mzee akanikataza, akasema grisi nzito inakamata mchanga; maji matamu kila baada ya safari yanatosha. Sasa nina tabia ya kusuuza kila kitu kinachozunguka, mpaka baiskeli yangu.

La tatu ndilo lililonipa heshima. Kwenye jahazi henza haivutwi hivi hivi, ni nzito mno. Inavutwa kwa jarari, kamba inayopita kwenye kapi wanaloliita gofia, inakwenda na kurudi, na watu wanavuta jarari huku wakiimba. Nikamwuliza Mzee: henza yetu mbona inapanda peke yake? Tukitia kapi juu ya ile pete, henza itoke kileleni, ishuke ipite kwenye kapi, ipande tena ifungwe kileleni, si itakuwa kamba mbili badala ya moja? Nguvu ya kukaza itapungua nusu. Na kamba mbili zilizokaa mbalimbali kidogo hazikubali kujisokota kirahisi, kwa hiyo sehemu ya juu ya pete itatulia na ile ya chini ndiyo izunguke. Mzee akanitazama kwa muda. Akasema boti za mashindano zinafanya hivyo hivyo. Nikasema na majahazi ya Tanga pia, tena zamani.

Kamba mpya ya moyo iliagizwa Afrika Kusini, ikachukua majuma matano, na kwa bei yake ungepata ng'ombe mzuri. Ni ngumu, nje imesukwa kwa kubana sana, ndani ina nyuzi zisizonyooka. Ukiikunja mkononi inakataa. Tukaenda nayo kwenye mvinje ule ule. Niligeuza nusu mzunguko tu, kijiti kikageuka. Mama akaandika nusu, akacheka.

Baada ya hapo tulifanya mazoezi mbele ya bandari, asubuhi za umande, upepo wa noti nne tano. Kuna mambo nimejifunza kwa mikono ambayo sikuyaona kwenye karatasi ya mtambo. Mizunguko michache ya mwanzo huwa huoni kitu, na hapo ndipo watu wanaopaniki wanapoacha kuvuta. Hesabu moyoni, endelea, kichwa kitagutuka chenyewe. Usivute kwa kusita sita. Geuza boti tanga lifichwe na tanga kubwa, lakini demani usiiachie yote. Mtu mmoja aishike kidogo, kama anavyoshikwa mtoto mkono sokoni, ili mzongo ukaze. Tanga linalopigapiga ovyo linajizonga na mifuko, na kila mfuko ni mlango upepo utakaourudia. Likiisha, ongeza mizunguko kadhaa mpaka demani zenyewe zijizungushe mara mbili tatu. Na ile kamba ya duara lazima iwe imekaza muda wote, la sivyo inateleza kwenye ngoma.

Halafu lishushe. Mzee alikuwa akitaka kuliacha juu limekunjwa, linapendeza, lakini usiku upepo ukiingiza kidole kwenye mzongo linafunguka lenyewe na wewe umelala. Jua nalo linaila nailoni. Lishushwe, liingizwe kwenye gunia likiwa limezongwa vile vile, kama chatu. Tukakubaliana pia kwamba upepo ukigonga noti 12 linafungwa, hata kama boti inakwenda vizuri, hasa kama inakwenda vizuri.

Mimi binafsi, ukiniuliza, boti ingekuwa yangu ningenunua soksi. Ni mfuko mrefu mwembamba unaoteremshwa juu ya tanga kwa kamba, unalivika kuanzia kichwani mpaka miguuni. Haina kamba ya moyo, haina ngoma, haina salamu za kupeleka, na bei yake ni ndogo. Mama naye alikuwa upande wangu. Ila soksi inataka mtu asimame mbele kabisa ya sitaha, boti inayumba, anatazama juu huku anavuta, na kamba zake zinapenda kusokotana ndani ya mfuko. Mzee aliyevuka miaka sitini hataki kusimama pale usiku. Mimi nasimama popote, kwa hiyo ushauri wangu haukuwa na uzito sana.

Mwezi wa tano kusi ikaingia kwa nguvu. Tukang'oa nanga kwenda Kilifi, watu watatu, na genaka likakaa kwenye gunia lake safari nzima, kusi haina haja nalo hata kidogo. Lilitoka kwa mara ya kwanza baada ya Lamu, siku ya kurudi, upepo ulipokata karibu na jua kuzama. Tulilifungua. Usiku ulipoingia nikalifunga peke yangu, Mama akishika demani na Mzee amelala chini. Nilihesabu mizunguko mitatu kabla kichwa hakijagutuka.

Ile kamba ya zamani babu aliniomba. Nilidhani ataitia kwenye ngalawa. Amemfungia mbuzi wake kwenye mnazi, na mbuzi anazunguka mchana kutwa, kamba inasokotwa, jioni anazunguka upande wa pili inasokotoka, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.